Siku 140 za Kijerumani Kwenye Simu, na Ulimi Bado Mzito: Jibu kwa Muuguzi wa Tanga

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, ninafanya kazi Tanga, na nina nia ya kwenda kufanya kazi Ujerumani. Huku nilipo sina darasa la Kijerumani la karibu, kwa hiyo nimejifunza kwa simu tu. Programu ninayotumia inaonyesha kwamba nimefikisha siku 140 mfululizo bila kukosa hata moja. Mwezi uliopita wakala wa ajira alinipigia, akanisalimu kwa Kijerumani na kuniuliza maswali mepesi. Nilidaka neno hapa na pale, lakini sikuweza kumjibu hata kwamba ninafanya kazi gani. Je, simu inaweza kweli kunifundisha lugha au ninapoteza muda? Je, nilipie toleo la mwaka mzima? Na kutumia programu ya tafsiri kunaniharibu?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na asante kwa kulieleza jambo lako kwa uwazi, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Siku 140 hukuzipoteza. Ulidaka maneno kadhaa katika simu ile, na kudaka neno ndani ya mkondo wa maneno ya mtu usiyemwona hata midomo si jambo dogo kwa aliyejifunza peke yake. Kilichokushinda ni kulitoa neno kinywani, na kilikushinda kwa sababu katika siku zote hizo simu haikukudai kufanya hivyo. Ilikuonyesha picha nne, ukagusa moja. Ilikupa maneno yaliyochanganywa, ukayapanga. Ilikupa sentensi yenye pengo na maneno matatu ya kuchagua. Umekuwa hodari wa kuchagua. Mtu hujifunza kile anachodaiwa kukifanya, na yote nitakayokueleza hapa chini yanahusu namna ya kuigeuza simu hiyohiyo ikudai kukumbuka, kutamka na kuandika bila kukuwekea majibu mbele ya macho.

Kutambua na kukumbuka ni kazi mbili. Unaweza kukutana sokoni na mgonjwa uliyemhudumia mwaka jana, ukaujua uso wake mara moja, na bado jina lake likakukwepa mpaka alitaje mwenyewe. Neno la kigeni nalo huwa hivyo: likiwa limepangwa pamoja na mengine matatu unalijua, likihitajika ghafla halionekani. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo wanafunzi walisoma matini fupi, kisha baadhi yao wakaisoma tena na wengine wakajipima kwa kuandika walichokikumbuka. Walipotahiniwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipotahiniwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio walioongoza. Tafadhali ishike tofauti hiyo ya dakika 5 na wiki moja, kwa maana ndiyo inayowapotosha wengi wanaojifunza kwa simu. Mwisho wa kila somo programu inakupongeza kwa nyota na muziki, nawe unahisi umejua, na kwa dakika zile kweli unajua. Wakala hakukupigia dakika zile.

Chombo cha kwanza ninachokushauri uweke ni programu ya kadi za kujipima. Wazo lake lilikuwapo kabla simu hazijaotwa hata ndotoni. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali huhifadhi zaidi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza utaratibu wa sanduku lenye vyumba: kadi uliyoikumbuka husogezwa chumba cha mbele, ambako hurudiwa kwa nadra, na kadi uliyoikosa hurudishwa chumba cha kwanza. Programu ya Anki, iliyoanza mwaka 2006, inaifanya kazi hiyo ndani ya simu kwa kuipangia kila kadi siku yake ya kurudi. Kwenye simu za Android inapatikana bure kwa jina la AnkiDroid, na ukishaiweka haihitaji intaneti kila unapojipima, jambo ambalo kwa mtu anayehesabu bando lake lina uzito.

Kadi zilizotengenezwa na wengine ziko tele, lakini ninakusihi utengeneze zako, maana kule kufikiri uandike nini tayari ni kujifunza. Upande wa mbele weka Kiswahili au picha, upande wa nyuma Kijerumani, na usiigeuze kadi kabla hujalitamka jibu kwa sauti inayosikika. Ukilisema moyoni tu, jihesabu hujajibu.

Katika kuandika kadi hizo, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtaji ambao hatuutumii. Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia yake, ama der, ama die, ama das, na wanafunzi wangu hulalamika kila mwaka kwamba mambo hayo hayana mantiki. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyelipokea neno kitanda akiwa mtoto bila kupokea pamoja nalo vitanda, kitanda changu, vitanda vyangu. Tulilelewa tukijua kwamba nomino huja na ngeli yake na wingi wake, na kwamba maneno yanayoizunguka huitii. Kijerumani kinataka utii wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo usiandike Bett peke yake. Andika das Bett, die Betten. Bandeji ni der Verband, die Verbände. Sindano ya kuchomea dawa ni die Spritze, die Spritzen. Homa ni das Fieber. Mwanafunzi anayejifunza nomino bila jinsia yake, akitumaini kuiongeza baadaye, hulazimika kujifunza kila neno mara mbili, na nimewaona wengi wakifika ngazi ya kati wakiwa na mamia ya maneno ya kurekebisha.

Baada ya wiki za mwanzo, kadi nyingi ziwe za sentensi zitakazokuhudumia wodini: Wo tut es weh? kwa maana ya unaumwa wapi. Seit wann haben Sie Fieber? kwa maana ya una homa tangu lini. Ich messe jetzt Ihren Blutdruck, yaani sasa ninakupima shinikizo la damu. Sentensi kama hizo hubeba sarufi ndani yake, na ulimi ukishazizoea, mpangilio wa maneno nao hujijenga.

Kuhusu wingi wa kadi, fanya hesabu kwa utulivu. Ngazi za lugha zinazotumika Ulaya, kuanzia A1 ya wanaoanza mpaka C2 ya juu kabisa, ziliwekwa katika mwongozo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2. Orodha ya maneno ya Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha na kutahini lugha hiyo, kwa mtihani wa A1 ina maneno takriban 650, na ile ya B1 takriban 2,400. Ukiingiza kadi mpya 10 kila siku, orodha nzima ya B1 itakuwa imeingia kwa siku 240, yaani miezi minane hivi. Shauku itakusukuma uingize 30 kwa siku, usikubali. Kadi mpya za leo ndizo marudio ya kesho, ya keshokutwa na ya wiki ijayo, na hata kwa kadi 10 tu, baada ya muda utajikuta na marudio yanayokaribia 100 kwa siku. Wanaoanza kwa 30 huzidiwa mwezi wa pili, wakaifuta programu wakidhani kasoro ni kichwa chao.

Sasa nije kwenye sikio na ulimi, ambako simu inaweza kukusaidia kuliko kitabu chochote, na ambako watu huitumia kidogo mno. Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu. Kijerumani kinatofautisha irabu ndefu na fupi kiasi cha kubadilisha maana: Staat ni dola na Stadt ni mji, Ofen ni tanuri na offen ni wazi. Kina pia ö na ü, ambazo sisi hatuna: schon ni tayari, schön ni zuri, Mutter ni mama mmoja, Mütter ni akina mama. Tena maneno yake huishia kwa konsonanti zilizorundikana, kama Arzt, daktari, au Herbst, msimu wa majani kupukutika, na ulimi wetu hutaka kuingiza irabu katikati na mwishoni ili upumue. Ukisema Arziti, mzee wa miaka 80 mwenye usikivu hafifu hatakuelewa.

Kuna jambo dogo litakalokupa moyo. Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani uligawa rupia ya Afrika Mashariki katika sehemu 100, na sarafu ndogo ikaitwa Heller. Wazee wetu waliisikia, wakaiita hela, na mpaka leo fedha yoyote ni hela. Hawakukosea. Silabi ya mwisho ya -er katika Kijerumani hutamkwa karibu na a yetu, kwa hiyo wao walifuata sikio. Vijana wanaojifunza kwa macho leo husoma Fieber kama ilivyoandikwa, wakiigonga r ya mwisho, ilhali sikio lingewaambia kwamba mwisho wake unafanana na ule wa hela. Ndiyo sababu ninasisitiza usikilize kwanza, kisha ndipo uone maandishi.

Zoezi lenyewe ni hili. Chukua sauti ya sentensi moja ya Mjerumani kutoka katika somo. Isikilize mara tatu bila kutazama maandishi. Fungua kinasa sauti cha simu, irudie sentensi, kisha zisikilize sauti mbili moja baada ya nyingine, yake na yako. Usijihukumu kwa jumla. Tafuta mahali pamoja tu palipotofautiana, labda irabu fupi uliyoirefusha, urekodi tena ukiparekebisha hapo. Dakika 10 za kazi hiyo zinachosha kuliko nusu saa ya kugusa picha, na ndizo zinazofungua ulimi. Mwanzoni utaichukia sauti yako, kama sisi sote. Hifadhi rekodi moja ya kila Jumapili, kwa sababu baada ya wiki nane utakaposikiliza ile ya kwanza utapata ushahidi wa maendeleo ambao hesabu ya siku mfululizo haiwezi kukupa.

Simu yako ina pia uwezo wa kuandika unachosema. Ongeza Kijerumani katika lugha za kibodi, bonyeza alama ya maikrofoni, useme neno mojamoja. Ukisema schön na simu ikaandika schon, umepata msahihishaji asiyechoka. Tumia maneno pekepeke kwa jaribio hili, kwa sababu ukisema sentensi nzima programu hukisia kwa kufuata maneno ya jirani na inaweza kuliandika vizuri neno ulilolitamka vibaya. Kibodi hiyohiyo itakurahisishia kuandika ä, ö, ü na ß. Hata kwenye kibodi ya kawaida, ukishikilia kidole juu ya u kwa muda, ü hujitokeza.

Kwa sauti na video za kusikiliza, masomo ya bure ya Deutsche Welle, shirika lilelile ambalo idhaa yake ya Kiswahili inasikika kwetu tangu mwaka 1963, yanatosha kwa safari ya A1 mpaka B1. Yamo masimulizi ya Nico, kijana wa Kihispania anayefika Ujerumani, na kila kipande kina mazoezi yake. Kitazame kipande mara ya kwanza pamoja na picha, kisha mara ya pili geuza simu kifudifudi usikilize tu, kwa sababu kilichokutisha siku ile ni sauti isiyo na uso. Ukiwa na intaneti ya bure mahali, pakua sauti za wiki nzima. Video ndizo zinazomaliza bando, sauti hula kidogo.

Tarakimu zinastahili muda wao peke yake, na kwa muuguzi ni suala la usalama wa mgonjwa. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: 21 ni einundzwanzig, yaani moja na ishirini, 85 ni fünfundachtzig, tano na themanini. Shinikizo la damu la 145 kwa 85 litatajwa hundertfünfundvierzig zu fünfundachtzig, na asiyefanya mazoezi ataandika 58. Nimeliona kosa hilo kwa wanafunzi waliokuwa na sarufi safi kabisa. Na saa je? Mjerumani akisema halb vier anamaanisha nusu ya kuelekea nne, yaani 3:30, na sisi saa hiyo ya mchana tunaiita saa tisa na nusu. Maneno mawili yana mitego miwili, mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu, kwani sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Zoezi lake ni rahisi: andika tarakimu 20 katika programu ya tafsiri upande wa Kijerumani, bonyeza alama ya spika, usitazame skrini, uziandike kwenye karatasi kwa kasi ya msomaji, kisha usahihishe. Fanya hivyo kila siku kwa wiki tatu. Sijui zoezi jingine la dakika 5 lenye faida zaidi kwa mtu wa kazi yako.

Hapo nimekwisha kuitaja programu ya tafsiri, nawe umeuliza kama inakuharibu. Inakuharibu ikiwa inatangulia. Inakujenga ikiwa inafuata. Andika kwanza sentensi yako ya Kijerumani kwa uwezo wako wote, hata ikiwa mbovu, ndipo uifungue kulinganisha. Pia ujue mahali ambapo mashine hukisia kwa kuwa Kiswahili hakikuipa habari inayotakiwa. Andika anaumwa mkono. Kijerumani kinataka kujua kama mgonjwa ni er au sie, mwanamume au mwanamke, na neno letu halikusema. Kinataka kujua kama kinachouma ni Hand, yaani kuanzia kiganja hadi vidole, au Arm, kutoka begani kushuka, na mkono wetu unabeba vyote viwili. Mguu nao ni Fuß au Bein. Mashine itachagua mojawapo bila kukuuliza, na ukiisoma mbele ya daktari utakuwa umempeleka penginepo kwenye mwili wa mgonjwa. Kuna na suala la heshima. Sisi humwamkia mkubwa shikamoo, kisha tukamwita wewe bila kumvunjia adabu. Mjerumani humwambia mtu mzima asiyemjua Sie, yaani wewe ya heshima, na kumwita du, wewe ya waliozoeana, mgonjwa mzee uliyekutana naye leo ni kumkosea. Programu haimwoni uliyesimama naye, kwa hiyo hilo ni juu yako.

Niongeze tahadhari moja kuhusu Kiingereza, kwa sababu programu nyingi zitakufundisha Kijerumani kwa kupitia lugha hiyo. Zipo faida, maana lugha hizo mbili ni ndugu na maneno mengi yanashabihiana. Lakini ndugu hao wana siri zao: Gift, ambalo kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu. Muuguzi asikosee hapo. Katika kadi zako rudi kwenye Kiswahili kila unapoweza, kwa sababu ukitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndipo ufike Kijerumani, wakala atakuwa ameshauliza swali la pili.

Programu za mazungumzo za akili mnemba, kama ChatGPT iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, zinaweza kuwa mshirika mzuri wa mazoezi ukizipa masharti. Ziambie kwa mfano: wewe ni mgonjwa wa miaka 70 aliyelazwa jana, zungumza nami kwa Kijerumani cha A2, sema sentensi moja tu kisha usubiri jibu langu, na mwisho nionyeshe makosa yangu mawili makubwa. Bila masharti hayo itakumwagia aya tatu, ukarudi kuwa msomaji. Maelezo yake ya sarufi yahakikishe katika kitabu, kwa sababu hukosea kwa kujiamini kulekule inakopatia. Na usiandike humo kamwe jina wala habari za mgonjwa wako halisi. Kiapo chako hakina likizo hata ukiwa unafanya mazoezi.

Pamoja na hayo yote, lipo jambo ambalo simu haiwezi kulifanya yenyewe, ila inaweza kukufikisha kwa anayeliweza. Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu inahitaji alama 60 kati ya 100. Sehemu ya kuzungumza huchukua takriban dakika 15, kwa kawaida watahiniwa wawili pamoja: mnapanga jambo fulani, unawasilisha mada fupi, unaulizwa na kumuuliza mwenzako. Hakuna kadi inayoweza kukuandaa kwa mtu anayekukatiza, anayeelewa visivyo, anayecheka, anayebadilisha mada. Tafuta mwenzako mmoja anayesoma Kijerumani popote alipo, Moshi, Mombasa au Dar es Salaam, mpeane kazi ya kutumiana ujumbe wa sauti wa dakika moja kila siku kwa WhatsApp, bila kuandika. Ujumbe wa sauti unakufaa wewe unayeingia zamu, kwa sababu utajibu utakapotoka. Kisha mara moja au mbili kwa wiki pigianeni moja kwa moja. Ukimpata mkufunzi aliyeko Ujerumani, panga saa kwa uangalifu: wao wako nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi, na wanafunzi hukosa vipindi kila mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba kwa kutokumbuka kwamba saa zao zimesogezwa.

Ratiba nitakupa kwa kufuata zamu zako, nisije nikakuandikia ya mtu mwenye nafasi. Ukiwa zamu ya asubuhi, kadi ziwe kabla ya kutoka nyumbani, dakika 20, huku arifa zote za simu zimezimwa. Kusikiliza kuwe njiani kwenye daladala. Kurekodi kuwe jioni. Ukiwa zamu ya usiku, fanya kadi tu baada ya kuamka, na usijidai kujifunza lolote jipya alfajiri unapotoka kazini, kwa sababu ubongo uliokesha haupokei. Siku ya mapumziko iwe ya kuandika: aya moja ya maneno 80 kuhusu wiki yako, kwa mkono au kwa kibodi, bila tafsiri, kisha umtumie mwenzako aisahihishe. Ukikosa siku moja kwa sababu ya zamu ndefu, kosa. Ile namba ya siku mfululizo imewekwa ili uifungue programu kila siku, na mtu anaweza kuilinda kwa somo la dakika mbili kitandani huku macho yamefumba nusu. Ninafahamu kwamba baada ya siku 140 si rahisi kuiacha ikatike. Hata hivyo nakushauri uiache programu ile iwe ya kupumzikia, dakika tano zako za mwisho, wala isiwe ya kwanza.

Kwa hiyo toleo la mwaka mzima usilipie. Kinachouzwa humo mara nyingi ni kuondolewa matangazo na kuruhusiwa kukosea bila kusimamishwa. Aina ya mazoezi hubaki ileile iliyokufikisha ulipo. Fedha hiyo iweke pembeni kwa ada ya mtihani na kwa saa chache za mkufunzi atakayekusikiliza na kukurekebisha matamshi, walau mara mbili kwa mwezi. Kama moyo unakuambia ununue kitu leo, nunua vipokea sauti vya masikioni vilivyo bora kidogo, kwa sababu tofauti ya Mutter na Mütter hupotea kabisa kwenye spika ndogo ya simu.

Wakala atakupigia tena, na pengine mapema kuliko unavyodhani. Anza leo jioni na rekodi ya nusu dakika, uirudie kila siku mpaka ikutoke hata ukiamshwa usingizini: Guten Tag, ich komme aus Tansania und arbeite als Krankenschwester in Tanga, yaani habari za mchana, natoka Tanzania na ninafanya kazi ya uuguzi Tanga. Katika nyaraka utaliona neno Pflegefachfrau, ambalo ni jina rasmi la mhitimu wa taaluma hii chini ya sheria iliyoanza kutumika Januari 2020, lakini katika mazungumzo Krankenschwester bado linaeleweka kwa kila mtu. Ongeza sentensi mbili za kujipatia nafasi ya kupumua, Bitte sprechen Sie langsamer, tafadhali sema polepole, na Können Sie das bitte wiederholen? yaani unaweza kurudia? Kisha mwombe ndugu au rafiki akupigie simu kwa wakati ambao hukuutarajia, akuulize Was machen Sie beruflich? yaani unafanya kazi gani, jinsi utakavyokuwa umemwandikia, nawe umjibu umesimama, bila karatasi mkononi.